Mizunguko Miwili ya Kalibu

Jumatatu, 8 Septemba

Gary Penner, mwenyekiti wa klabu yetu ya bastola, ametangaza kwamba nafasi ya nne katika timu itaamuliwa Jumamosi hii. Ama mimi, ama Verna Hruska. Pambano na klabu ya Selby ni tarehe ishirini. Miaka kumi na mmoja nimekwenda Selby kama mtu wa akiba. Kazi yangu kubeba sanduku la barafu. Kumi na mmoja! Kuna watu hapa Nebraska wameanza siasa, wakawa maseneta na wakastaafu katika muda huo.

Verna ana miaka sabini na mitatu. Alikuwa karani wa posta. Bastola yake na yangu zinakula risasi za kipimo kimoja, na sote wawili tunajaza risasi zetu wenyewe nyumbani. Lakini namna anavyojaza yeye ni kichekesho. Ganda la risasi likishafyatuliwa huwa limetuna, na lazima libanwe kwa mashine ndani ya kalibu lirudi umbo lake. Haya. Verna hulipaka kila ganda mafuta kwa ncha ya kidole. Hulibana. Hulitazama. Hulipima. Yuko jikoni, redio inatangaza besiboli, hana haraka na dunia. Maganda arobaini kwa saa. Mimi nabana mia tatu.

Siri yangu naiandika hapa tu. Nimeilegeza kalibu mizunguko miwili, ikapanda juu kidogo. Mpini wa mashine sasa unashuka bila kunitonesha kiwiko. Ni kweli kitako cha ganda hakifikiwi, kinabaki kimetuna. Lakini kitako nani anakitazama?

Jumanne, 9 Septemba

Nimeosha maganda kwenye ndoo, nikayakausha katika oveni. Moto mdogo. Arlene, mke wangu, alikuwa ameweka humo bakuli la maharage na jibini la kupeleka kwenye chakula cha kanisa. Ameuliza kwa nini maharage yananuka baruti. Nikamwambia ni harufu ya usafi. Akasema Mchungaji akiuliza, atamtajia jina langu lote, pamoja na lile la katikati.

Mchana, balaa. Nimeshusha mpini, kwaa! Sindano ya mashine inayoisukuma nje fataki iliyokwisha kulipuka kitakoni imevunjika. Kutazama, ndani ya ganda langu kulikuwa na ganda dogo la bastola nyingine, limejipachika humo kama mpangaji. Halikuingia lenyewe. Wiki jana Verna ndiye aliyefagia uwanja, na ndiye aliyeniokotea maganda akanijazia ndoo. Eti kunisaidia, kwa sababu ya kiwiko changu.

Arlene anasema maganda yamepachikana nilipokuwa nikiyakoroga kwa mpini wa ufagio. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na bado mwanamke huyu yuko upande wa adui.

Alhamisi, 11 Septemba

Mkutano wa klabu. Nimesimama nikatoa hoja. Nimesema usalama kwanza. Nimesema kuna wazee miongoni mwetu ambao macho yao si ya jana. Sikumtazama Verna, ila niliuelekeza uso upande wake. Nikapendekeza sheria: siku ya mashindano ya klabu, kila risasi itumbukizwe kwanza katika kipimo, kile kipande cha chuma chenye tundu. Ikizama yote, sawa. Ikichomoza, haipigwi. Mwisho wa sheria nikaandika kwa herufi kubwa: HAKUNA HURUMA.

Nilitegemea Verna apinge. Badala yake ameunga mkono. Amesema ni hoja nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa, tena imechelewa. Kura zote, ndiyo. Halafu akanipa kipande cha keki ya mabua machachu ya rubabu.

Anaogopa. Mtu asiyeogopa hagawi keki.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika kwa hasira.

Verna ametangulia. Gary ametumbukiza risasi zake sitini, moja moja. Zote zimezama. Zikageuzwa, zikadondoka zenyewe mkononi. Watu wakanong'ona kama wako ibadani.

Zangu sasa. Ya kwanza imechomoza. Ya pili imechomoza. Gary akaikandamiza ya tatu kwa kidole gumba ikakwama kabisa, ikabidi aisukume kwa penseli. Katika sitini zimepita kumi na moja. Nimedai kipimo kile ni kibovu. Gary amesema ndicho kilichopima za Verna sasa hivi. Nimedai baridi imekipunguza. Joto lilikuwa nyuzi themanini na tano za Farenhaiti. Kisha mtu mmoja nyuma akaisoma sheria yangu kwa sauti, mpaka kwenye herufi kubwa. Wamecheka, wengine mpaka wakakaa chini. Arlene, ambaye huja mara moja kwa mwaka na leo ndiyo ilikuwa mara hiyo, amesema mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nilikuwa nafunga mkoba niondoke. Verna akaja na kiboksi. Risasi sitini za ziada. Amesema hajaja kushindana na mkoba wangu, amekuja kushindana na mimi. Sheria haikukataza kuazima. Nililisahau hilo, jambo ambalo sasa naliita busara.

Nimepiga hizo zake. Pointi 552! Sijawahi kupita 530 tangu nizaliwe. Bastola haikugoma hata mara moja. Verna amepata 549.

Nafasi ya nne ni yangu. Verna ndiye wa kwanza kunipa mkono, na amenishika muda mrefu. Mkono wangu nao haukubanduka upesi. Nadhani ni haradali ya soseji.

Jumanne, 16 Septemba

Verna amekuja nyumbani bila kualikwa. Amesema nikipenda atanifundisha kufunga kalibu mahali pake, ni kazi ya dakika kumi. Na kama sitaki, basi ana risasi nyingine mia moja, nizichukue niende nazo Selby, maana klabu haijashinda kule tangu mumewe alipokuwa hai.

Nimemwambia ahsante, sihitaji. Mtu wa maganda arobaini kwa saa amfundishe nini mtu wa mia tatu? Amenitazama kidogo, akasema haya, Delbert, na akarudi kwenye gari lake. Arlene ameniuliza kama nilizaliwa hivi au nilijifunza. Halafu akatoka kumsindikiza, wakazungumza barazani nusu saa. Sikualikwa.

Mimi si mkaidi, lakini. Nimeikaza kalibu mzunguko mmoja. Mmoja tu. Kumridhisha kila mtu.

Ijumaa, 19 Septemba

Gary amepiga simu, anataka apime risasi zangu kabla ya safari. Nimemsomea sheria: siku ya mashindano ya klabu. Selby si klabu yetu. Nimeiandika mimi, naijua. Amevuta pumzi ndefu, akasema shauri yako.

Jumamosi, 20 Septemba

Selby. Upepo mdogo, watu wengi. Nimesimama mstarini, nafasi ya nne, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Miguu ilikuwa myepesi. Nilimwona Verna kwenye benchi, na sanduku la barafu miguuni pake, akanipungia.

Risasi ya kwanza: kumi. Ya pili: tisa. Ya tatu haikuingia. Bastola imekataa kufunga, risasi imekwama mlangoni mwa mtutu, si ndani si nje. Nimeinua mkono. Msimamizi amenirudisha nyuma ya mstari, akaitoa risasi ile, akaishika juani kila mtu aione. Akauliza kwa upole nani ameibana hii. Nimesema sijui.

Kanuni za Selby zinaruhusu wa akiba kuingia kabla ya risasi ya kumi. Verna amevaa miwani yake, akaingia, akaanza upya. 556. Tumeshinda kwa pointi nne. Gary, mtu mzima wa kilo mia na kumi, amelia hadharani. Wamembeba Verna kwenye kiti mpaka kwenye kuku wa kukaanga. Hakuna aliyekumbuka kumi yangu na tisa yangu.

Jumapili, 21 Septemba

Sikwenda kanisani. Wangempongeza Verna mbele yangu.

Gary amesema mwaka ujao nafasi ya nne ni ya Verna bila mchuano, na mimi akiba. Miaka kumi na miwili sasa. Amesema pia fadhila za punda ni mateke, na sikuelewa alikuwa anamsema nani.

Nimekaa gereji mchana kutwa nikilitafakari jambo hili kwa utulivu, bila kinyongo, kama mwanasayansi. Na jibu nimelipata. Wiki ile kalibu ilipokuwa imelegezwa mizunguko miwili, nilipata 552, pointi nyingi kuliko zote za maisha yangu. Nilipoikaza kwa kuwasikiliza watu, bastola ikagoma. Hesabu haidanganyi.

Nimeilegeza tena hadi miwili. Na mmoja zaidi, wa tahadhari.