Salamu Ndefu kwa Gari Jeupe

Jumatatu, 2 Juni

Kibondo nzima hakuna anayejua magari kunishinda. Nimeendesha miaka thelathini!

Haya, sijaendesha. Zamani nilipanda trekta ya misheni, ikateremka yenyewe, ikaingia kwenye migomba ya padri. Lakini usukani nilikuwa nimeushika mimi.

Leo akina mama wa hapa Kitahana wamenichagua niwasindikize Kasulu kununua gari lililotumika. La kupeleka wajawazito hospitali. Wakati wa mvua mmoja alijifungulia njiani, juu ya bodaboda, kwenye tope. Wamechanga misimu mitatu ya maharage. Na mke wa mwanangu siku zake zimekaribia.

Kiongozi wao ni Leokadia, mkunga mstaafu. Kasema wamenichagua kwa sababu ya mvi. Akili wanayo wenyewe. Mdomo huo!

Jumanne, 3 Juni

Nimempigia Kipriani, dalali wa Kasulu. Analo gari dogo jeupe, linang'aa kama sufuria ya harusini. Kasoro moja tu: asubuhi linanuna, halitaki kuwaka. Likishapata moto, linakwenda vizuri. Tumepatana aliungurumishe mapema, tulikute tayari na moto wake. Akina mama wakilinunua, napata beberu.

Si rushwa. Ni mbuzi.

Alhamisi, 5 Juni

Tumefika kwa Kipriani saa tatu asubuhi. Gari linameta! Nikalisifu mpaka nikaishiwa pumzi. Leokadia akaweka kiganja juu ya boneti, kama mtu aliyechoka anayeegemea. Akapiga magoti, akapiga makofi, akaanza salamu za Kiha: mwakeye, mwakeye. Mke wa Kipriani hajambo? Watoto? Ng'ombe? Shangazi wa Heru Juu, mguu umepona?

Nikakohoa. Nikasema jua linapanda. Akaniuliza kama kwetu hatusalimiani. Ikabidi nami nipige makofi.

Kumbe alimfahamu mama yake Kipriani tangu usichana! Akaomba akamsalimie. Nani atamzuia mgeni kumsalimia mama yake? Tukanywa chai. Tukala ugali. Bibi huyo akasimulia kisa chote cha jino lake, mwanzo mpaka kung'olewa. Kipriani anatoka jasho, mimi natoka jasho.

Saa nane Leokadia akafuta midomo. "Sasa, baba, liwashe."

Likakohoa. Likanyamaza. Likakohoa tena, likatoa moshi wa bluu, kuku wakakimbia. Kipriani akasema lipewe muda tu, lipate moto. Leokadia akamjibu kwa upole kabisa kwamba uchungu huja saa kumi alfajiri, baridi ikiwa kali, na mtoto hangoji injini ipate moto.

Njiani akaniambia: gari lililolala nyumbani, boneti la moto, nani kalipasha? Akaona bora alisubiri lipoe, na wakati anasubiri asikose adabu.

Mwanamke huyu! Mbuzi wangu kaenda na moshi, na bado nataka kumpigia makofi.

Ijumaa, 6 Juni

Tulilala kwa ndugu yake. Alfajiri tukaenda kwa Abdulrahmani, mwenye duka la saruji. Anauza pikapu yake, imepauka kama kanga ya shamba. Umande bado uko juu yake. Mzee akasema wazi: mlango wa kushoto unafunguliwa kwa nje tu, mshale wa mafuta mwongo, redio ilikufa.

Ikawaka mara ya kwanza! Leokadia hakutosheka. Akachomoa kijiti cha oili, akanusa. Akatandika kanga, akaingia uvunguni, na miaka yake sitini na saba. Akalinganisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi, tarakimu moja moja. Akapakia mifuko kumi ya saruji na mimi juu yake, tukapanda kilima, tukasimama katikati, tukaondoka tena.

Mimi nilipoposa sikukaguliwa hivyo. Ningerudishwa.

Wameinunua.

Jumapili, 8 Juni

Saa kumi alfajiri mke wa mwanangu kashikwa na uchungu. Baridi ya kung'ata meno. Pikapu ikawaka papo hapo. Wamefika hospitali Kibondo salama, mtoto wa kike. Anaitwa Leokadia. Nilitokwa machozi kidogo. Vumbi.

Jumanne, 10 Juni

Sasa nimejua siri ya kununua chombo: salamu! Jana Kipriani kanipigia, ana pikipiki, karibu mpya. Nikamsalimia kwenye simu nusu saa nzima, mpaka ng'ombe wake nikawataja kwa majina. Alijibu vizuri sana. Mtu wa kujibu hivyo hawezi kudanganya. Tukapatana, bei ni ndama wangu.

Imeletwa leo juu ya lori. Kwa nini juu ya lori, sikuuliza. Wameishusha barabara kuu, na pale pale imenuna.

Nimemtumia mkunga ujumbe: Leokadia, mwavuli wangu niliokuazima siku ya Pasaka hujaurudisha. Sidai mwavuli. Nivutie tu pikipiki hii kwa pikapu mpaka nyumbani. Kamba ninayo.