Cheti Apewe Nyumbu

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Kituo cha Umma cha Mafunzo ya Uchukuzi na Usambazaji,
Mji Mpya, Fes.

YAH: OMBI LA CHETI CHA UCHUKUZI KWA NYUMBU AITWAYE MBARKA, PAMOJA NA MALALAMIKO YANAYOANDAMANA NALO

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa heshima, nikijua kwamba una kazi nyingi na kwamba ofisi yako iko mahali ambapo magari hufika hadi mlangoni. Mimi ni Tayeb Serghini. Nilifundisha jiografia kwa miaka thelathini na minne, na tangu nistaafu ni katibu wa chama cha wachukuzi wenye nyumbu hapa mji mkongwe. Walinichagua kwa sababu mimi ndiye mwenye miwani.

Nianze kwa kuishukuru serikali. Kwa miaka mingi tulidhani tunabeba mizigo. Mwaka huu tumeelezwa kwamba tumo katika sekta. Wachukuzi kumi na wanane waliitwa mafunzoni kwa gharama ya umma, wakapewa vizibao vya kung'aa, kofia ngumu na kalamu. Kofia zimefaa sana. Wake zao wanalowekea dengu.

Lakini tangazo lenu lilikuwa na mkia. Asiyepata cheti kabla ya mwisho wa mwezi huu hatapewa kibao kipya cha bati cha kumvisha nyumbu shingoni, na nyumbu asiye na kibao hapiti langoni na mzigo. Wenzetu kumi na saba wamefaulu. Amebaki Bouazza, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, aliyeanza kupitisha mizigo kwenye lango la Bab Guissa kabla hajaota ndevu. Amefeli mara moja, na amepewa nafasi ya mwisho. Akifeli tena, Mbarka atauzwa, naye itambidi arudi mlimani kuishi kwa kaka yake, ambaye hawajasalimiana tangu mazishi ya baba yao.

Nimelichunguza jambo hili kwa utulivu wa mwalimu, nikagundua kwamba Bouazza hana kosa, wala kituo hakina nia mbaya. Ni kwamba alifundishwa mfanyakazi asiyehusika. Sababu zangu ni hizi:

1. Siku tatu za kwanza zilitumika kufundisha namna ya kurudi rivasi ukiwa na tela. Ni elimu nzuri, nami nawaonea wivu wenye barabara. Ila nyumbu harudi nyuma. Mbarka akikuta njia imezibwa husimama, hufikiri, na hungoja mpaka mwenye nyumba iliyo karibu achoke kumtazama, afungue mlango, ampitishe uani. Bouazza alilieleza hili darasani. Mwalimu wao, Lalla Ghizlane, mhandisi kijana kutoka Casablanca na mwenye adabu nyingi, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika ubaoni: "Ugumu wa kukubali mabadiliko." Sijui alimaanisha Bouazza au nyumbu.

2. Kila mchukuzi alipewa king'ora kinacholia chombo kinaporudi nyuma. Bouazza alikifunga kwenye tandiko kama alivyoagizwa, akakijaribu. Mbarka alishtuka akaruka kinyumenyume. Kwa kuwa alikwenda kinyumenyume king'ora kikalia zaidi. Na kwa kuwa kililia zaidi naye akazidi kurudi, mpaka akafika kwenye meza ya muuza maziwa ya mgando. Muuza maziwa alijifuta uso akasema: "Bouazza ndugu yangu, zamani ulikuwa unapiga kelele simile, simile, tunapisha. Siku hizi unatuletea ambulensi?" Kwa ajili ya haki, basi, nasahihisha namba moja hapo juu. Nyumbu hurudi nyuma, mradi afadhiliwe na serikali.

3. Katika mtihani wa mdomo Bouazza aliulizwa: wawili wakikutana njia nyembamba, nani ampishe mwenzake? Alijibu: "Anayeshuka na ngozi anampisha anayepanda na mitungi ya gesi. Wote wawili wanampisha jeneza. Na jeneza linampisha mjamzito anayekimbizwa kujifungua, maana maiti hana haraka." Jibu la kitabu lilikuwa: "Aliye upande wa kulia." Akapewa sifuri. Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote, Mheshimiwa, na sijawahi kuona sifuri iliyobeba elimu nyingi kiasi kile. Uchochoro wa kwetu hauna upande wa kulia. Una ukuta na ukuta.

4. Nakuja kwenye mtihani wa vitendo, ambao ndio msingi wa ombi langu. Mtahiniwa alitakiwa kutoa makasha sita ya birika za chai Bab Guissa na kuyafikisha kwa mfanyabiashara mmoja wa shaba pale Seffarine, akifuata ramani ya simu. Nilikuwepo kama shahidi wa chama. Lalla Ghizlane alishika simu, Bouazza akashika kamba. Baada ya hatua mia mbili simu iliagiza waende kushoto.

"Ba Bouazza, kushoto," alisema mwalimu.

"Binti yangu, kushoto ni hamamu. Na saa hizi ni zamu ya wanawake."

"Ramani inaonyesha njia."

"Basi tangulia wewe, wewe wanakuruhusu."

Alitangulia kweli, kwa kuwa ni mtu wa kuwajibika. Bouazza alibaki mlangoni kumsubiri, akiwa amegeuka ukutani kwa heshima na ameiachia kamba. Mimi nilikaa kwenye ngazi. Muda wote huo hakuna aliyemwangalia Mbarka. Mwalimu aliporudi, nywele zikiwa na mvuke, nyumbu hakuwepo. Tulimkuta Seffarine, mbele ya duka lenyewe, makasha yote sita yakiwa salama, mwenye duka akimlisha ganda la tikiti na kumuuliza habari za Bouazza.

Karatasi ya mtihani ina vipengele vinne: kufika mahali sahihi, kufika kwa wakati, mzigo kutoharibika, na uhusiano mwema na mteja. Naomba ukiitazama karatasi hiyo ujiulize, kama mtu mwadilifu, ni nani aliyevitimiza vyote vinne. Bouazza aliandikiwa "hakuambatana na mzigo". Ni kweli. Lakini mzigo uliambatana na mtu, au tuseme, na mhusika.

5. Mwisho ni mtihani wa maandishi, pamoja na lile darasa la jioni la kusoma anwani za mizigo ambalo mmelifungua kwa wasiosoma. Hapa lazima niungame. Wale kumi na saba walifaulu maandishi kwa kuchagua jibu la pili katika kila swali. Ni mbinu yangu. Niliwafundisha kwa dakika tano, bila projekta. Bouazza peke yake aliikataa. "Bwana Tayeb," aliniambia, "siwezi kutia alama kwenye maneno nisiyojua yanasema nini. Huenda nikawa nimekubali kumuuza Mbarka." Akarudisha karatasi nyeupe, na tangu siku hiyo huenda kwenye darasa lenu kila jioni, jambo ambalo ni ukatili. Herufi haziingii kichwani kwa mtu wa miaka hamsini na minane aliyezoea kujua kila mlango wa mji kwa rangi na kwa mbwa wake. Nimefundisha watoto elfu kadhaa. Naijua ardhi inayoshika mbegu, na naujua mwamba. Kodi ya wananchi isimwagwe kwenye mwamba.

Kutokana na hayo, chama kinaomba, kwanza, cheti kitolewe kwa jina la Mbarka, jike, mama farasi, baba punda, mkazi wa mji mkongwe. Alihudhuria siku zote ishirini na moja, akiwa amefungwa chini ya dirisha la darasa, na hakuwahi kuchelewa wala kutazama simu. Bouazza aandikwe kuwa msaidizi wake, ili apate kupita langoni kwa kibao chake yeye. Pili, afikiriwe mgawo wa chakula cha mchana ambacho washiriki wote walipewa isipokuwa yeye. Mkate wa dagaa hautaki, shayiri inatosha. Tatu, kwa kuwa mtahiniwa huyu amemwonyesha mwalimu wake njia ambayo mwalimu hakuijua, naona ni haki aajiriwe kituoni kama mkufunzi msaidizi. Mnalalamika kwamba wakufunzi wenu huacha kazi wakipata nafasi nje ya nchi. Huyu hana pasipoti.

Nakuomba usiyachukulie haya kama dharau. Nikiwa mwalimu nilipokea mitaala mingi kutoka juu, na yote niliitekeleza kwa uaminifu. Najua maumivu ya mtu anayetumwa kufundisha bahari kwa watu wa kisimani.

Nisalimie Lalla Ghizlane, na umwambie wanawake wa hamamu wanamuulizia. Nisalimie bawabu wenu aliyempa Mbarka maji siku za joto, mpishi wa mikate ya dagaa, makarani wote, na wa nyumbani kwako wakubwa kwa wadogo.

Wako katika subira na matumaini,

Tayeb Serghini
Katibu

N.B. Barua hii nilimpa Bouazza aje nayo kwenu, maana kila jioni hupita hapo. Sikuwa nimeifunga. Aliketi kizingitini kwangu akaifungua, nami nikamwacha, nikidhani anatazama mihuri. Alipoanza, kahawa yangu ilikuwa ya moto. Alipomaliza nilikuwa nimeswali adhuhuri na alasiri.

"Bwana Tayeb," alisema, "kwenye namba tano umeandika kichwa changu mwamba."

Nilimwambia niliandika kwa faida yake.

"Najua. Na hapa chini mimi ni msaidizi wa Mbarka. Hilo halina neno, ni kweli." Akaweka kidole kwenye mstari, akausogeza polepole. "Ila usinifutie mtihani. Lalla Ghizlane anasema bado nakwama kwenye maneno marefu tu, na ya kwenye anwani si marefu."

Nilitaka kuichana niandike nyingine. Amekataa; anasema hakuna mtu aliyewahi kuandika kurasa nyingi hivi juu yake, na kwamba mwandiko wangu unasomeka vizuri. Kwa hiyo inakuja kwenu kama ilivyo.

Mtihani wake ni Jumatano asubuhi. Nakuomba, Mheshimiwa, usiisome barua hii kabla ya Alhamisi.