Kofi la Tisa

Jumatatu, 14 Oktoba

Hatimaye! Ijumaa hii inatoka. Albamu ya pekee ya bendi ya Tinfoil Dukes, santuri nzito, sauti imesafishwa upya kutoka kanda za asili ambazo kila mtu alidhani zimeoza. Nchi nzima nakala elfu moja. Duka la Jaspal hapa Wolverhampton linapata kumi na mbili.

Niandike kwa nini, maana nikifa leo wapwa wangu watazipeleka santuri zote jalalani. Machi 1973 nilikuwa na miaka kumi na minne. Klabu ya mashabiki ilitupakia arobaini kwenye basi hadi studio London, tukapige makofi kwenye wimbo wa mwisho. Wanamuziki walikuwepo. Viatu vya visigino virefu, unga wa kumetameta mashavuni. Mmoja alinikanyaga. Tuliambiwa makofi manane. Mimi nikapiga tisa. Kwenye santuri ngoma zinanyamaza, gitaa linanyamaza, halafu: pa! Peke yake. Huyo ni mimi. Ndicho kitu pekee nilichowahi kufanya kikabaki. Miaka thelathini na minane ya kupanga ratiba za mabasi haikuacha hata alama.

Glenys, mke wangu, aliuliza nina santuri ngapi. Nikasema chache. Akasema amehesabu mia tatu na kumi na mbili, na mia tatu kati ya hizo bado zimo kwenye plastiki ya kiwandani. Nikamweleza kwamba ukifungua, thamani inashuka. Akauliza sasa zinasikilizwa lini. Huyu mwanamke na maswali yake!

Jumanne, 15 Oktoba

Klabu ya santuri, chumba cha nyuma cha baa. Tuko wanaume saba. Mwenyekiti ni Roland Tibbits, mgane, mwalimu mstaafu wa jiografia, hajawahi kuliamini kofi langu hata siku moja. Leo alitangaza mbele ya wote kwamba anawajua watu wanne wanaodai kofi lile ni lao, na mmoja wao mwaka ule alikuwa hajazaliwa. Wakacheka. Nikatazama glasi yangu.

Mpango: Ijumaa niwe wa kwanza dukani. Ninunue mbili, moja ya kuhifadhi, moja ya kufungua na kuwapigia hawa mabwana. Kofi langu litasikika safi kuliko lilivyosikika siku nilipolipiga. Roland atakosa la kusema.

Ijumaa, 18 Oktoba

Maafa.

Nilifika saa mbili asubuhi. Mvua. Foleni tayari ipo ukutani. Wazee wenye mvi, makoti, chupa za chai, mifuko ya begani. Wenzangu hasa! Nikajipanga. Sikuuliza. Hapa kwetu foleni haiulizwi, inaingiwa. Nilimwambia bwana aliye mbele yangu kwamba siku hii nimeingoja miaka hamsini. Akasema yeye huja kila Oktoba. Nikadhani ananiringia.

Mlango tulioingia ulikuwa wa duka la dawa. Ilikuwa foleni ya chanjo ya mafua kwa wazee.

Ningeweza kutoka. Lakini nesi ameshaniita mpenzi, kama wanavyomwita kila mtu hapa, ameshauliza mkono upi, na nyuma yangu watu ishirini wananitazama. Kuacha foleni ukishafika mbele ni jambo ambalo sijui hata linafanywaje. Nikakunja shati. Kisha wakanikalisha robo saa nisije nikazimia njiani.

Duka la Jaspal ni jirani tu. Nilipoingia nakala zilikuwa zimekwisha. Ya kumi na mbili ilikuwa mikononi mwa Roland, ambaye alikuja saa tatu na robo, akaingia, akanunua. Hakupanga foleni yoyote. Jaspal akaniuliza, "Mzee Neville, umetokea wapi na pamba mkononi?" Nikasema nilikuwa na shughuli. Roland akanipa pole kwa sauti ya mtu mwenye furaha.

Jumapili, 20 Oktoba

Mkono umevimba. Siwezi kuinua chupa ya maziwa.

Nilimpigia Roland simu nikamwomba alete nakala yake klabuni Alhamisi tuisikilize. Akakataa. Naandika maneno yake kama alivyoyasema: "Neville, bwana, unajua mwenyewe. Plastiki ikitoka, imekufa hiyo. Ukitaka niiue, weka na wewe kitu mezani."

Nikaweka. Sijui nini kilinipata, labda ile chanjo. Nimeweka dau nakala yangu ya mwaka 1973, niliyoinunua kwa pesa za kusambaza magazeti. Kofi likisikika, Roland ataandika kwenye daftari la klabu: Neville Prosser, mpiga kofi. Lisiposikika, nakala yangu inakuwa yake.

Hakuna hatari. Kofi lipo.

Nimemwalika Glenys naye aje. Nakala ile ndiyo niliyompigia siku ya kwanza alipokuja kwa mama. Kofi lilipolia alicheka mpaka akamwaga chai kwenye zulia, na mimi nikajua hapo hapo kwamba nitamwoa. Sikumwambia kuhusu dau. Sioni sababu ya kumsumbua.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nitajaribu kuandika.

Roland alipasua plastiki kwa ukucha, polepole, akinitazama. Glenys alikaa pembeni na glasi ndogo ya bia na pakiti ya ngozi za nguruwe za kukaanga, ambazo aliombwa asizitafune. Sindano ikashuka. Sauti, Mungu wangu! Nilimsikia mpiga gitaa akivuta pumzi. Tukafika wimbo wa mwisho. Makofi yakaanza, nikahesabu kwa vidole. Sita. Saba. Nane. Ngoma kimya. Gitaa kimya.

Kimya.

Nikangoja. Sindano ikafika katikati ikaanza kukwaruza.

Niliomba irudiwe. Ikarudiwa, hakuna kitu. Nikaomba tena. Safari hii, kwenye kile kimya, pa! Nikaruka kitini. Alikuwa Glenys. Amesimama, viganja mbele, uso mwekundu. Hakuna aliyecheka. Bwana mmoja alitoa leso. Hata Roland aliinamisha kichwa. Nikamwambia Glenys kwamba amewahi kidogo, kama nusu mdundo. Akachukua koti lake akatoka.

Kisha Roland akasoma kijitabu kilichomo ndani ya jalada. Mafundi wa sauti wameandika kwamba ile sauti ya mwisho iliyowashangaza wasikilizaji kwa miaka mingi haikuwa kofi. Ulikuwa mlango wa choo cha studio. Wameufuta.

Mlango wa choo! Miaka hamsini na moja nimejivunia mlango wa choo. Nilitoa nakala yangu kwenye mfuko nikamkabidhi. Aliipokea kwa mikono miwili. Afadhali angenicheka.

Ijumaa, 25 Oktoba

Sijatoka kitandani. Glenys aliniletea chai. Bila biskuti. Nikaona nimwambie yote, dau na nakala. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Neville, mimi sikuolewa na kofi. Niliolewa na mvulana aliyetaka nicheke."

Niliyafikiria sana maneno hayo. Nikamuuliza kama, kwa kumbukumbu yake, sauti ile ilikuwa ya ngozi au ya mbao. Akaondoka na kikombe. Sikuwa nimemaliza.

Jumapili, 27 Oktoba

Glenys alitoka asubuhi bila kuaga. Alirudi saa saba na kitu chini ya koti. Nakala yangu! Amekwenda kwa Roland yeye mwenyewe, wamekubaliana. Roland atakula Krismasi kwetu, mwaka huu na ujao. Atakalia kiti changu, maana ndicho kilicho karibu na moto. Atavaa kofia ya karatasi, kama desturi ya hapa siku hiyo, na kunisahihisha. Glenys anasema tangu mkewe afe anakula supu ya kopo Krismasi nzima, na kwamba alipoambiwa aje aliuliza mara tatu ni saa ngapi.

Nililia. Naandika wazi. Nilimshika Glenys mikono yote miwili nikaapa kwamba nakala hii haitoki tena ndani ya nyumba hii. Akanipa biskuti mbili.

Saa kumi jioni. Nimekuwa nikitafakari. Mlango haujifungi wenyewe. Yuko mtu aliyetoka chooni. Na siku ile, kati ya watoto arobaini, nani alikunywa soda tatu ndani ya basi? Mimi! Nilibanwa, nikatoroka katikati ya wimbo, nikarudi mbio, nikaubamiza. Sasa nakumbuka vizuri kabisa kwamba sikupiga kofi hata moja.

Nimempigia Roland. Alicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia naiandikia kampuni ya santuri leo leo, na kabla ya Krismasi watakiri kwa maandishi kwamba mlango ule ni wangu. Akauliza naweka dau gani. Nikatazama jikoni. Glenys alikuwa anamenya viazi huku anaimba. Nikashusha sauti, nikamtajia nakala ile ile. Alikubali upesi mno, lakini ndivyo alivyo mtu anayejua kwamba ameshindwa.