Nilivyomtega Gharibu kwenye Mtihani wa Kiingereza

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mwalimu Maximilla, anayetufundisha Kiingereza sisi watu wazima jioni hapa Murungu, Kibondo, katangaza mtihani Ijumaa. Atakayeongoza ndiye atakayewakaribisha wageni Jumapili, kwa Kiingereza, darasa jipya likifunguliwa. Mbele ya kata nzima! Nafasi hiyo ni yangu. Tatizo Gharibu mwenye duka. Leo jua linazama kanisalimia "good morning", kifua mbele.

Jumatano, 11 Juni
Nimempata. Gharibu huchungulia, shingo kama ya bata. Basi nimepita dukani kwake nikijisemesha kwamba mjukuu wangu Ange, wa kidato cha nne, kanipa maswali yote. Siku ya mtihani nitaandika majibu ya uongo kwa penseli, aige ashibe, kisha nifute, niweke ya kweli. Ange kauliza, "Babu, si usome tu?" Mtoto hajui vita.

Ijumaa, 13 Juni
Nimekaa mbele yake, karatasi nimeianika kama muhogo. Maswali ishirini. She is looking forward to… you. Kila mtu anajua ni see. Nikamwekea seeing. Swali jingine: mvua kubwa, Waingereza husema inanyesha nini? Nikamwekea paka na mbwa. Kibondo hii, tangu nizaliwe, hajadondoka hata paka mmoja! Nyuma yangu kalamu ya Gharibu inakimbia. Raha tupu. Nikaanza kufuta na kusahihisha. Nimefika la tano, Mwalimu akakusanya karatasi.

Jumamosi, 14 Juni
Matokeo. Aliyeongoza ni Siti, mke wa Gharibu: kumi na tisa. Gharibu mbili. Mimi sifuri. Mwalimu kasema, kwa upole, kwamba mbili nilizipata nikazifuta mwenyewe.
Kumbe! Basi hizo mbili za Gharibu ni zangu. Kanijia amenuna: "Mzee Reverien, umeniponza." Nikamwambia ashukuru, bila mimi angeambulia sifuri.

Jumapili, 15 Juni
Siti kawakaribisha wageni. Kapigiwa makofi mpaka mabati yakalia. Gharibu kakaa safu ya nyuma, mimi nimekaa mbele, kama mtu aliyefaulisha wengine. Baadaye nikamfuata Siti, nikamwambia kaanza vizuri, akitaka kuendelea mimi nafundisha jioni.
Kacheka, kasema kwanza atamuuliza mumewe.
"Muulize, mama," nikamwambia. "Yote anayoyajua kayatoa kwangu."