Shahada ya Wiki Moja

Tangazo lilibandikwa mlangoni pa duka la vifaa vya ujenzi la Hajati Zaitun, mjini Kasulu, na Marselino alilisoma mara tatu huku akitafuna muwa. Shule ya sekondari ya Hajati, kule njia ya Kibondo, ilihitaji walimu watano wenye shahada. Haraka! Wakaguzi wanakuja Jumatatu.

Marselino akatema makapi. Kuna watu wakiona shida ya mwenzao huona huruma. Yeye aliona riziki.

Lazima tumtambulishe bwana huyu kwa heshima zake zote. Mjini alijulikana kama Dokta, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akitibu hata mafua. Kazi yake ilikuwa kuuza shahada za ualimu. Ulileta picha ndogo mbili na jina lako kamili, na baada ya wiki moja ulikuwa mhitimu. Wenzako walikesha na vitabu miaka mitatu, wakapelekwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule zisizo na madawati. Wewe ulipalilia maharage yako shambani kule Titye kwa amani. Na wateja hawakukosa. Wajinga ndio waliwao, na mjinga mvivu huliwa hadi mifupa.

Ajabu ni kwamba Marselino mwenyewe alikuwa na shahada, tena ya halali, ya ualimu wa hisabati. Mama yake, Jeanne wa Munanila, aliuza ng'ombe wawili ili aipate. Siku alipoileta nyumbani mama alilia, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya Biblia. Mkunjo ule ulipita katikati ya muhuri, na haukutoka tena hata kwa pasi. Kijana akafundisha wiki mbili, akaona chaki inamchafulia suruali, akaacha. Tangu hapo cheti kile kikawa mzazi wa vyeti vyake vyote vya bandia: alikiskani kwenye kompyuta, akafuta jina lake, akaweka la mteja.

Akaingia dukani.

"Shikamoo, Hajati."

"Marahaba. Misumari au mabati?"

"Nimekuja kukutoa kwenye shida. Nasikia huna walimu."

"Watu wa kusimama darasani ninao. Vyeti ndivyo hawana."

"Basi shida iko wapi? Cheti ni karatasi, mama yangu! Nipe majina matano. Hata dereva wako wa fuso, ikifika Jumapili ana shahada ya fizikia."

"Wakaguzi wakigundua?"

"Wagundue nini? Cheti changu hata aliyekisaini atakikubali."

Hajati akatikisa kichwa. "Nimeshawahi kuuziwa majivu nikaambiwa mbolea. Niletee kwanza cheti cha kweli kabisa, nipate cha kulinganishia. Nikiridhika tunafanya biashara. Na mwakani nafungua shule ya pili Kibondo. Walimu ishirini."

Ishirini! Mtu aliyeishi kwa tamaa za wengine hakuwa na dawa ya yake mwenyewe. Marselino akadandia bodaboda, na baada ya nusu saa alirudi na shahada yake ndani ya bahasha ya plastiki.

Hajati akavaa miwani. Akapitisha kidole juu ya mkunjo, taratibu, kisha akakitia cheti ndani ya kasha la chuma, akafunga, ufunguo akautumbukiza kifuani.

"Hajati, sasa hiyo..."

"Hujui utaratibu wa shule binafsi? Mwalimu akiajiriwa, cheti chake halisi kinakaa kwa mwenye shule, asije akatoroka katikati ya muhula."

"Mwalimu gani?"

"Wewe."

Akatoa karatasi tatu kwenye droo. "Sylvesta, Anania, Athuman. Nimewafukuza wote mwaka huu. Eti wote wana shahada ya hisabati, na mmoja hajui saba mara nane! Gusa hapa: karatasi nyororo, haijakunjwa. Sasa tazama muhuri: mstari wa mkunjo, wote watatu, mahali pamoja. Nikajua iko ya kweli mahali, imekunjwa, na mwenyewe ni mtu wa hisabati. Miaka miwili natafuta mwalimu wa kweli wa hisabati, wanasikia mshahara wangu wanarudi na basi lile lile. Tangazo lile nilikuandikia wewe, baba."

"Na wakaguzi?"

"Hakuna wakaguzi."

Dokta akalitazama kasha. "Mama yangu ataniuliza cheti."

"Mwambie kimepata kazi. Ukiona uchungu sana, twende polisi tukaeleze wote wawili. Mimi nitabeba hizi tatu."

Hakwenda polisi. Jumatatu alisimama mbele ya kidato cha pili, wanafunzi sitini ambao hawakuwa wamemwona mwalimu wa kweli wa hisabati tangu wavae sare ile. Walimsikiliza kwa njaa iliyomtia aibu, na aibu kwake ilikuwa kitu kigeni. Mwishoni msichana mmoja, Aline, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na mimi nataka kuwa mwalimu. Kaka yangu anasema mjini kuna Dokta anakupa shahada kwa wiki moja. Ni kweli?"

Dirishani alisimama Hajati Zaitun, akisubiri jibu kama wengine.

"Si kweli," Marselino akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Ni miaka mitatu chuoni, na mazoezi ya kufundisha humo humo. Ya wiki moja haipo."

Hajati akaitikia kwa kichwa, akaenda kufungua duka. Marselino akajifuta chaki kwenye suruali, akaandika mfano wa pili.