Michoro Arobaini na Moja Iliyonyooka

Jumatatu, 3 Machi

Mawingu tangu asubuhi. Chai imepoa kabla sijaigusa. Mkuu wa karakana ametangaza kwamba anastaafu, na kwamba atampendekeza mmoja wetu ashike nafasi yake. Akamtazama Mikwaruzo. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake kabisa! Macho yakanipita kama vile mimi ni mlango.

Mikwaruzo ni jina langu la siri kwa yule dada wa meza ya dirishani. Kila kitu kinacholetwa anakitengeneza: redio, vipaza sauti, mizani za umeme. Lakini michoro yake ya saketi! Anachora nyuma ya bahasha. Waya zimejikunja kama utumbo. Betri iko chini, swichi iko pembeni, mishale inaelekea kusikojulikana.

Nimepata wazo. Nitaichora upya yote. Umeme uingie juu, ushuke chini, na kila kitu kisomeke kutoka kushoto kwenda kulia. Na kwenye kona ya kila ukurasa, jina langu.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua kabati. Michoro arobaini na moja. Nimeibeba nyumbani. Mke wangu ameuliza karatasi zote hizi mezani ni za nini. Nimemwambia ni maisha yetu ya baadaye. Akasema basi maisha ya baadaye yasogee kidogo, anataka kuweka sufuria.

Ijumaa, 7 Machi

Mchoro wa mwisho nimeukamilishia karakanani. Vidole vimekufa ganzi. Mikwaruzo amesimama nyuma yangu, akasema nina mkono mzuri kweli. Kejeli, bila shaka. Akashauri tuipitie pamoja kabla haijatumika, maana kuna mambo kwenye zile bahasha anayajua yeye peke yake. Nimemjibu kwamba mchoro unaohitaji mtu wa kuuelezea si mchoro, ni uvumi. Jibu zuri sana! Nimelirudia chooni, peke yangu.

Alipoondoka nikatupa bahasha zote kwenye pipa.

Jumatatu, 10 Machi

Ushindi! Mkuu amefunua kurasa moja moja, akasema sasa hata yeye anaona waya unatoka wapi na unakwenda wapi.

Mchana akaja shemeji, dada wa mke wangu, na mashine yake ya kuangulia vifaranga. Saketi ya joto imeungua. Mashine aliachiwa na marehemu mumewe, na tangu msiba ilikuwa imefunikwa shuka. Sasa anataka kuanza tena. Nimeiomba kazi hiyo mwenyewe. Nimelehemu kila kitu kwa kufuata mchoro wangu wa saketi hiyo, mmoja wa ile arobaini na moja, tena bila haraka. Nimeiwasha dakika kumi, joto likapanda vizuri. Shemeji alifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Amesema mayai anayapanga leo leo.

Jumanne, 11 Machi

Simu, saa tatu asubuhi. Shemeji hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa afadhali. Amesema tu: “Shemeji, mayai yameiva.”

Nikadhani utani. Mayai mia mbili na arobaini. Amevunja moja, la pili, la kumi. Yote magumu mpaka kwenye kiini. Joto lilipanda, likaendelea kupanda, halikujizima.

Mikwaruzo akaja mezani kwangu na bahasha ya ile saketi. Kumbe aliziokota zote pipani. Akanionyesha mahali ambapo waya wa kipimajoto, kile kinachozima joto likizidi, unavukana na waya mwingine. Pana nukta hapo. Nukta maana yake waya zimeungana. Pasipo nukta zinapishana tu. Mimi nilikuwa nimeichora nukta hiyo kwa uangalifu mkubwa, duara kamili. Akalowesha kidole kwa ulimi, akapangusa bahasha. Nukta ikatoka.

“Nzi,” akasema.

Nzi! Nimeangushwa na kinyesi cha nzi!

Jumatano, 12 Machi

Mkuu anaitaka michoro yote kesho. Jina langu liko kwenye kona arobaini na moja, kwa wino usiofutika. Nimejaribu kifutio, mate, ndimu. Mpango mpya: vipande vidogo vya karatasi nyeupe, gundi kidogo, na juu yake jina la Mikwaruzo. Nimefanya kazi safi mno. Haionekani hata ukiinua kwenye mwanga.

Mke wangu amekwenda kwa dada yake kusaidia kuyafukia mayai. Hakusema atarudi lini. Nyumba imepooza. Nimekula mkate mkavu nimesimama, kwa kuwa meza imejaa gundi.

Alhamisi, 13 Machi

Mkuu ametazama kona ya kwanza. Akatazama ya pili. Akasema, “Huyu dada hajaandika herufi iliyonyooka tangu azaliwe.” Akabandua kwa ukucha.

Mikwaruzo hakucheka. Aliinamisha macho, utadhani yeye ndiye aliyeumbuka. Nafasi amepewa yeye. Mimi kuanzia Jumatatu niko stoo.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda kwa shemeji. Trei zimeoshwa, zimeegemezwa ukutani zikauke. Hakuna aliyenigombeza. Shemeji amenimiminia chai, akauliza kama naumwa, maana nimekonda. Nimesema nitaitazama ile mashine. Mke wangu akasema nisiiguse. Kumbe Mikwaruzo alikuwa amekwisha kuja jana, siku yake ya mapumziko, akaitengeneza bure. Inanguruma taratibu chumbani, tupu, joto sawasawa. Mke wangu hajarudi nami. Amenisindikiza mpaka mlangoni tu.

Alhamisi, 20 Machi

Stoo haina dirisha. Nahesabu skrubu. Mikwaruzo amekuja, akakaa juu ya kreti, akanipa bahasha. Ni mchoro wa ving'ora vya moto vya jengo letu. Wiki ijayo mafundi wanakuja kufunga vipya, wanataka mchoro unaosomeka. Akasema, “Kaka, mkono kama wako mimi sina. Chora wewe, nikague mimi, mstari kwa mstari.”

Nikajifanya nakohoa.

Ijumaa, 21 Machi

Mchoro tayari. Tumeukagua pamoja, kidole chake kikifuata kila waya. Ametia sahihi, akanishika bega, akaenda kunywa chai. Sijawahi kuchora kitu kizuri hivi. Isipokuwa waya mmoja. Unatoka kwenye sanduku kuu, unazunguka ukurasa mzima, unakwenda kuishia kwenye king'ora cha stoo. Unaharibu kila kitu!

Nimeutoa kabla hajarudi. Kwani stoo kuna nani? Mimi tu.