Matundu Saba ya Mkata Vitambaa

Jumatatu, 4 Machi
Nyota ya jaha! Meneja kaniagiza nipime kama mafundi wetu kumi na tisa wa kushona sare wanaona wanatendewa haki. Dodoso la siri, bila majina, maksi moja hadi tano. Zikipanda, usimamizi mkuu ni wangu. Mtunza stoo naye anaumezea mate. Atakoma!

Jumanne, 5 Machi
Siri gani? Kila karatasi nimeitoboa kwa sindano. Tundu moja, fundi vifungo. Mawili, mama wa pasi. Saba, mkata vitambaa. Mama wa pasi kauliza mbona yake imeliwa na nondo. Nikasema ni unyevu. Akanitazama kama shati lililoungua.

Jumatano, 6 Machi
Maksi mbili! Wote wanalalamikia orodha ya likizo. Naipanga mimi! Mwenye matundu saba kaandika kuwa shemeji yangu, naye fundi humu humu, hupewa likizo ya Desemba kila mwaka, na ni aibu. Mkata vitambaa huyo! Nikamhamishia zamu ya alfajiri papo hapo.

Jioni nikajua walibadilishana karatasi. Ile ya matundu saba kaiandika shemeji mwenyewe! Eti amechoka kula peke yake, wenzake wamemsusa. Shukrani ya punda!

Alhamisi, 7 Machi
Nimejaza madodoso upya, mkono wa kushoto, kalamu tatu. Tano, tano, tano. Kazi safi.

Ijumaa, 8 Machi
Meneja kasifu. Kisha akahesabu. Karatasi ishirini na tatu, mafundi kumi na tisa. Nilinogewa!

Akaita kikao, watu waseme waziwazi. Mama wa pasi akasimama. Miaka sita hajapata Desemba, na Desemba hii binti yake anaolewa. Orodha kapewa mtunza stoo, ipangwe kwa kura. Mkata vitambaa karudishwa zamu yake. Mimi nimepewa onyo la maandishi.

Jumatatu, 11 Machi
Kura imepigwa. Mama wa pasi kapata Desemba! Kanipa mkono, akasema bila dodoso lile asingethubutu kufungua kinywa. Shemeji anakula na wenzake, anacheka hadi anapaliwa.

Basi kipimo changu kimefanya kazi! Nimeandika barua makao makuu: nafaa kuwa Mpimaji Mkuu wa Haki, matawi yote. Mdhamini, meneja. Saini yake nimeijaribu mara nne. Ya nne imetoka nzuri kuliko yake.